Kuki za oti na chokoleti zisizo na gluteni, unaoka mwenyewe nyumbani

Kama una mtoto au ndugu mwenye seliaki, yaani ugonjwa ambao utumbo unadhurika na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano na shayiri), unajua ilivyo ngumu kumpa kitu kitamu bila kuwaza atalala vipi usiku, sasa kuki hizi zinawezekana kabisa na kazi kubwa iko kwenye kununua, kuoka kwenyewe ni rahisi.

Oti yenyewe haina ngano ndani, shida ni kwamba inalimwa jirani na ngano na shayiri, inavunwa kwa mashine zilezile, kiwandani nako inapita njia moja, kwahiyo pakti ya kawaida ya supamaketi usiiamini hata kidogo. Tafuta iliyoandikwa "gluten free", kiwango kinachokubalika kimataifa ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Na wapo wachache wenye seliaki ambao hata oti safi inawasumbua, huyo aongee kwanza na daktari wake. Chokoleti nayo soma nyuma ya pakti, kuna za kimea cha shayiri na nyingine zina vipande vya biskuti.

Unga wa oti saga mwenyewe kwenye blenda, dakika moja tu unalainika. Tafadhali usipeleke mashineni maana hapo mtu kabla yako kasaga ngano au unga wa lishe na vumbi lote linakuja kwako. Chekeche la unga wa chapati weka pembeni, mwiko wa mbao pia, tumia kijiko cha chuma au cha plastiki kilichooshwa vizuri.

Vipimo ni hivi: oti nzima gramu 150, unga wa oti gramu 100, siagi gramu 115, sukari ya brauni gramu 120, yai moja, vanila kijiko kimoja cha chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko, chokoleti iliyokatwakatwa gramu 120. Zinatoka kama kuki 18.

Piga siagi laini na sukari mpaka rangi ipauke kidogo, tia yai na vanila piga tena, alafu unga, oti, soda na chumvi, chokoleti mwisho kabisa. Hapo mchanganyiko utauona mlaini unanata kwenye kijiko na utatamani kuongeza unga, usiongeze! Funika weka kwenye friji lisaa limoja. Oti inakunywa maji taratibu sana, ukiwahi kuoka kuki zinatambaa zinakuwa bapa na katikati unatafuna oti kavu. Baada ya lisaa bonyeza kwa kidole, kikitoka kisafi na shimo likabaki basi iko tayari.

Washa oveni nyuzi 180. Chota kijiko cha chakula, viringisha, panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea ukiacha nafasi ya vidole vitatu, alafu gandamiza kidogo juu. Dakika 10 mpaka 12 zinatosha, unaangalia ukingo ukiwa wa dhahabu na katikati pakiwa bado panaonekana pabichi unatoa, ndiyo, unatoa hivohivo, zinamalizia kuiva kwenye trei. Usiziguse dakika 10 nzima, hamna gluteni ya kuzishikilia, kinachozibana ni yai na sukari na hivyo vinakaza vikipoa, ukinyanyua ya moto inavunjika mkononi.

Kama huna oveni, sufuria kubwa la mkaa linafanya kazi: mchanga mkavu chini, juu yake kitrei kidogo, mfuniko, makaa mengi juu na machache sana chini maana sukari ya brauni inaungua haraka. Anza kuchungulia dakika ya 10.

Zikipoa kabisa weka kwenye kopo lenye mfuniko, lake peke yake, lisiwe lile la maandazi. Mi napenda kugandisha nusu ya madonge kwenye friza, mtoto akitamani natoa matatu manne naoka yakiwa yameganda hivohivo, naongeza dakika 2 tu.