Ufa wa chesisi: toboa kwanza ndipo uchomelee

Ukikuta ufa kwenye chesisi (fremu ya chuma inayobeba mzigo) ya trela la trekta, usikimbilie kuufunika kwa weldi. Ufa hauishii pale macho yanapokomea. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, paka mafuta ya taa, futa vizuri, kisha pakaa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yatachora mstari mweusi juu ya chaki. Pale mstari unapokoma, toboa tundu la milimita 5 au 6, maana bila hilo ufa utazidi kutembea chini ya weldi yako. Safisha mafuta yote, chimba ufa kwa grenda upate umbo la V, ndipo uchomelee. Na kama ni gari, tafadhali chomoa betri kwanza: nimeshaona kompyuta ya gari ikiungua kwa uzembe huo.