Gari Likilia "Tak" Asubuhi: Pima Waya Kabla Hujanunua Betri

Wateja wengi wanaofika gereji kwangu hapa Malindi asubuhi huja wamevutwa kwa kamba, na betri mpya imo tayari ndani ya boneti. "Fundi, gari lalia tak, halizunguki, na betri nimenunua jana." Simcheki mtu. Mwaka wangu wa pili wa kujitegemea nilimtoza mzee mmoja wa Maweni bei ya stata nzima, ile mota inayozungusha injini ipate kuwaka, nikaifunga, na gari likalia tak vilevile. Ubovu ulikuwa kwenye waya wa arthi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini, uliooza chini ya injini. Pesa zake nilimrudishia kidogo kidogo, miezi mitatu.

Chumvi ndiyo adui wetu. Gari linalolala karibu na mnara wa Vasco da Gama huoza temino, yaani viungo vya waya na betri, upesi kuliko linalolala Barani, na malori yanayobeba chumvi Gongoni na Marereni ndiyo usiseme. Shaba ikiliwa hutoa unga wa kijani, na unga huo hutambaa hadi ndani ya plastiki ya waya, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje waya unang'aa, kwa ndani umebaki nyuzi chache.

Vifaa ni vichache: mita ya kidijitali, hata ile ya bei rahisi, spana namba 10 na 12, brashi ya waya, msasa, magadi, maji ya moto, Vaseline, na mtu wa kukupigia swichi. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ninayo, lakini kwa kazi hii huiacha sandukuni. Haioni waya uliooza.

Hatua ya 1: Sikiliza, tazama taa

Washa taa kubwa, kisha mwambie msaidizi apige stata. Taa zikififia karibu kuzimika na ukasikia tak-tak-tak za haraka, betri imeisha au temino hazishiki. Taa zikibaki na mwanga wake na ukasikia tak moja tu, au kimya, basi umeme hauendi kwenye stata, au stata yenyewe imekufa. Usihukumu bado, huu ni mwelekeo tu.

Hatua ya 2: Pima betri ikiwa imepumzika

Kama gari limetoka kuchajiwa au kutembea, washa taa dakika mbili, zima, ngoja kidogo, ndipo upime. La sivyo mita itakudanganya. Volti 12.6 betri imejaa. 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza, maana vipimo vyote vinavyofuata havitakuwa na maana.

Hatua ya 3: Pima stata ikivuta

Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake. Gia iwe nyutro, hendibreki juu. Weka ncha za mita kwenye vichwa vyenyewe vya betri, yaani ile risasi inayochomoza, si kwenye kishikio cha waya. Msaidizi apige stata isizidi sekunde tano. Volti zikishuka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imejaa, betri imechoka. Zikibaki juu ya 10 na stata inajivuta kama mzee apandaye ngazi, betri haina kosa. Endelea.

Hatua ya 4: Tafuta volti zinakopotelea

Hapa ndipo mafundi wengi huruka, na ndipo pesa za wateja zinapopotea.

Vijana hupenda kuchomoa waya na kuupima kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya. Mita inasoma sifuri, wanasema waya mzima. Kumbuka stata ya gari dogo huvuta ampia mia na zaidi. Waya wenye ukinzani wa omu 0.01 tu, ukipitisha ampia 150, unakula volti moja na nusu. Hiyo 0.01 mita yako ya mfukoni haiwezi kuiona. Waya ulioliwa ni kama mpira wa maji uliokanyagwa: bomba likiwa limefungwa, presha ni ileile pande zote, fungua ndipo utajua. Kwa hiyo tunapima stata ikiwa inavuta, hakuna njia nyingine.

Geuza swichi ya mita kwenye volti za betri (DC). Upande wa arthi kwanza, kwa sababu huku pwani mara nyingi ndiko kuliko na kesi. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, karibu na stata. Piga stata, soma. Ikizidi 0.2, kuna umeme unaopotea njiani. Sasa sogeza ncha hatua kwa hatua: kutoka kichwa cha betri hadi kishikio, kishikio hadi mwisho wa waya, bolti hadi bodi, bodi hadi injini. Pale namba inaporuka ghafla, hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Kisha upande wa chanya: ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye nati kubwa ya stata. Hapa ruhusu mpaka 0.5. Stata ikivuta uangalie waya usiguse feni wala mkanda.

Kuna dalili moja ya arthi mbovu ambayo hainidanganyi kamwe: kebo ya gia au ya akselereta inapata moto wakati wa kupiga stata. Umeme umekosa njia yake, umepita kwa jirani.

Pande zote mbili zikiwa safi, stata inapata zaidi ya volti 10 na bado haizunguki, hapo ndipo uiteremshe. Hata hivyo ifungue kwanza. Mara nyingi ni kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya stata, zimekwisha, na kaboni ni bei ya chai ukilinganisha na stata.

Hatua ya 5: Safisha au kata

Vua pete na saa. Sigara mbali, betri hutoa haidrojeni. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche za ajabu.

Koroga magadi kwenye maji ya moto, mwagia temino, povu likiisha suuza. Yasiingie ndani ya betri. Piga brashi mpaka risasi ing'ae. Kwenye bodi na injini, kwangua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma kitupu, duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini.

Waya wenyewe ukunje kwa mkono karibu na kichwa chake. Ukiwa mgumu au ukatoa sauti ya mchanga, kata. Endelea kukata hadi uone shaba nyekundu. Kijani kikizidi kuingia ndani, tupa waya wote, funga mpya. Mimi hutumia waya wa mashine ya kuchomelea, ni laini na una nyuzi nyingi. Kichwa kipya kibane kwa nguvu kwa mashine ya kubania. Kugonga kwa nyundo juu ya jiwe hakutoshi, ingawa nimefanya sana nikiwa njiani Garsen.

Hatua ya 6: Funga, pima tena

Chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza, halafu ndipo upake Vaseline kwa juu. Rudisha fyuzi, washa injini, pima betri: iwe kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji vizuri, au mkanda wake umelegea. Rudia pia kipimo cha arthi cha hatua ya nne. Namba yake pamoja na tarehe iandike kwenye kipande cha teipu, ubandike chini ya boneti. Kusi ukianza kuvuma, mwite mteja umpimie tena.