Elite Dangerous: soma uvutano wa sayari kabla hujatua

Jumamosi usiku binamu yangu wa Kisumu alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Wiki tatu alikuwa mbali huko angani, ndani ya Elite Dangerous, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya anga, akaona sayari nyekundu iliyompendeza, akaishukia, chombo kikapasuka vipande. Bima humrudishia mtu chombo kwa asilimia 5 ya bei yake, lakini data za uchunguzi ambazo hujaziuza ndiyo kwaheri. Nikamuuliza uvutano wa hiyo sayari ulikuwa ngapi. "Hiyo huandikwa wapi, kaka?" Nilimcheka kidogo tu, kwa sababu hata mimi hapa Nakuru nilishapoteza Anaconda, chombo kikubwa, kwa ujinga huohuo. Basi tukakaa kwenye simu hadi saa saba usiku, na haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Piga honi

Ukiingia mfumo mpya wa nyota, shikilia kitufe cha skana ya ugunduzi, ambayo wachezaji huiita honi, hadi imalize kazi. Hii unaijua.

Hatua ya 2: Ipige sayari skana ya FSS

Honi hukuonyesha tu kwamba kuna kitu. Ili upate vipimo vyake, ingia FSS, ile skana ya kuchunguza sayari moja moja kutoka mbali, tafuta ishara ya sayari yako kisha uivute karibu. Usipofanya hivi, ramani haitakuwa na namba ya kukuonyesha.

Hatua ya 3: Fungua ramani ya mfumo usome namba

Bofya sayari kwenye ramani. Ikiwa na upinde wa samawati pembeni, inatulika. Kwenye maelezo yake shuka hadi mstari wa graviti, ulioandikwa kwa kipimo cha G. Namba 1 ni sawa na hapa kwetu duniani.

Soma namba, usikisie kwa macho. Binamu alinijibu kwamba sayari yake ilikuwa ndogo, kwa hivyo hakuwa na wasiwasi. Ukubwa haukwambii kitu peke yake. Chukua Mars na Mercury: Mars ina kipenyo cha karibu kilomita 6,800 na Mercury karibu 4,900, lakini uvutano wa zote mbili ni 0.38. Zohali ina uzito wa Dunia 95, na bado juu ya mawingu yake uvutano umezidi wetu kidogo tu. Kinachoamua ni uzito pamoja na umbali kutoka katikati: uzito ule ule ukibanwa ndani ya nusu ya kipenyo, uvutano unakuwa mara nne. Kasayari kadogo kenye chuma kingi kanaweza kukuvuta kuliko jitu.

Kuna wanaopenda programu za pembeni zinazosoma faili za kumbukumbu za mchezo. Mimi sizitaki, laptopu yangu inapumua kwa shida tayari. Lakini ukizifungua faili hizo mwenyewe, jihadhari: humo uvutano umeandikwa kwa mita kwa sekunde mraba, si kwa G. Ukiona 19.6, gawanya kwa 9.8 upate 2. Siku ya kwanza niliona 14 nikakimbia sayari nzuri kabisa.

Hatua ya 4: Linganisha namba na chombo chako

Chini ya 0.5, tua unavyopenda. Karibu na 1, kuwa macho. Ikipita 2, shuka polepole, na ukifika kama 2.7 hutaruhusiwa hata kushuka kwa miguu, kwa hivyo jiulize unakwenda kufanya nini. Sayari ya Achenar 3 ina 6.73, huko watu huenda kutafuta sifa.

Chombo kizito chenye injini dhaifu ndicho cha kuogopa. Wachunguzi wengi hufunga injini za daraja D kwa kuwa ni nyepesi, kisha wanang'oa na ngao ili waruke mbali zaidi. Injini za D sina neno nazo. Ngao mimi siing'oi, hata ile ndogo kabisa.

Hatua ya 5: Kushuka

Hapa ndipo nilipopoteza Anaconda, kwa hivyo nivumilie.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nikiacha kukanyaga mafuta, chombo kitasimama. Wanaoijua barabara ya Salgaa wanajua yaliyowapata madereva wa malori waliokuwa wakiweka nyutro mteremkoni ili kuokoa dizeli. Ni yale yale. Jiwe likianguka kilomita moja kwenye uvutano wa 1, bila hewa, linafika chini likienda mita 140 kwa sekunde. Kwenye uvutano wa 3 linafika na 240. Injini zako zinapigana na mwendo huo, na zinahitaji muda.

Kwa hivyo, ule mteremko wa kasi wa kuikaribia sayari ukiisha, inua pua mpaka chombo kilale sawa na upeo. Usitelemke kwa kuelekeza pua chini. Kitufe cha kusukuma chombo chini usikiguse kabisa. Kwenye uvutano wa 2 kugusa mara moja kunatosha kukutia matatani. Achia chombo kizame chenyewe, na kila mara gusa kitufe cha kupanda ili kupunguza mwendo. Ukiona namba ya kimo inakimbia, umeshachelewa kufikiria: pua juu, kisha busti, yaani msukumo wa ghafla wa injini, kwa sababu injini kubwa ya nyuma ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Tena usikilaze chombo ubavu ili kukata kona. Kinachokushikilia hewani ni injini za tumboni. Ukikilaza, unaegemea zile za ubavuni ambazo ni dhaifu, na chombo kinateleza kama sabuni. Binamu alifanya hivi akiwa amebakiza mita mia tatu.

Hatua ya 6: Tua

Toa miguu mapema, tafuta tambarare, shuka.

Wakati wa kuondoka panda wima kwanza, mita mia kadhaa, ndipo uinue pua na kukanyaga mafuta. Ukiinua pua ukiwa bado chini, mkia unagonga mawe.