Kupiga picha watoto wakicheza Jomvu Kuu, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza, kamera ibaki kwa begi. Jomvu Kuu ni kwa Wajomvu, moja ya zile Taifa Kumi na Mbili za Waswahili wa Mombasa, watu wanajuana mpaka babu wa babu, na ukitokea na lenzi ndefu shingoni utaulizwa wewe ni wa nani. Waamkie wazee, sema picha zaenda wapi, halafu piga hodi kwa kila mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe akisema sitaki basi, hata kama mamake kakubali.

Hatua ya pili, kaa chini ujue mchezo, na hapa ndipo wengi wana haraka. Angalia mdako, vijiwe viko ndani ya kishimo, mtoto arusha kimoja juu, kabla hakijashuka ashachota vingine, kisha akidake kile cha juu kwa mkono ule ule. Sasa ushajua wakati wako ni upi, jiwe liko hewani, macho juu, vidole bado viko mchangani, bonyeza hapo. Halafu mgeukie anaengoja zamu akiomba mwenzake akose, wallahi ule uso mara nyingi washinda wa mchezaji!

Setingi si nyingi. Shata, yaani kasi ya kamera kufunga, 1/1000 ya sekunde kwa mdako na kuruka kamba, lenzi ya 35mm, wewe magoti chini usawa wa macho yao. Kama ni simu, zima flashi upige mfululizo. Nenda baada ya alasiri, saa kumi na moja hivi jua limelala, lakini huku kwetu giza halichelewi na adhana ya magharibi ikilia waache waende zao.

Usiwapange. Mwanzo watakuja kujipanga wenyewe mbele ya lenzi, wapige, waonyeshe, watachoka warudi mchezoni.

Mwisho, zima lokesheni, usiandike jina la mtoto wala shule yake. Andika jina la mchezo na kanuni zake walivyokueleza wao, manake mtaa wa pili huenda wana kanuni nyengine. Safisha picha uzirudishe nyumba kwa nyumba kabla hujaposti chochote, na mzazi akisema hii sitaki, ifute palepale akiona.