Simu Iite Kabla Vifaranga Hawajarundikana

Mfugaji akishafunga kihisi cha joto kwenye bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, na kuuona mstari ukijichora kwenye dashibodi (ukurasa wa vipimo), hujiona amemaliza kazi. Bado. Mstari haumwamshi mtu saa nane za usiku. Kinachomwamsha ni tahadhari, na tahadhari ni namba mbili tatu ambazo wengi huzijaza harakaharaka siku ya kwanza, kisha hawazigusi tena mpaka kuku wanauzwa.

Namba za vitabuni zinajulikana. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35 kwenye usawa wa mgongo wake, maana bado hawezi kujipasha mwenyewe. Baada ya hapo unashusha kama nyuzi 3 kila wiki hadi ukaribie 21. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kuichukua hiyo 32 na kuifanya kikomo cha chini, basi. Simu inaita kila mlango ukifunguliwa, kila maji yakibadilishwa. Siku ya tatu kijana wa bandani anaiweka kimya, na sioni wa kumlaumu.

Kikomo kipimwe kwenye banda lako mwenyewe. Banda hupashwa joto siku nzima kabla vifaranga hawajaletwa, kwa hiyo tumia nafasi hiyo. Usiku, likishafika 33, toa jiko au zima taa, kisha kaa na saa uangalie joto linavyoshuka. Tuseme limetoka 33 hadi 30 kwa dakika 40, halafu 30 hadi 28 kwa dakika 30. Sasa piga hesabu ya mtu: kijana aamke, atafute kiberiti, mkaa ushike hadi moshi uishe, jiko liingie ndani. Mkaa mkavu utakula dakika 20 hivi. Mkaa ulionyeshewa, Mungu ndiye ajuaye. Ukitaka joto lisifike 28, ukiweka kikomo kwenye 31 una dakika kama 40 za kufanya kazi hiyo, lakini ukikiweka 29 unaamshwa kuja kuhesabu mizoga. Banda la mabati lenye turubai iliyochanika litakupa namba nyingine kabisa.

Utasema 31 iko karibu mno na 32, simu si itaita ovyo tena? Hapo ndipo muda wa kusubiri unapoingia. Kihisi kikisoma kila dakika 2, uambie mfumo usitume kitu mpaka vipimo 5 mfululizo viwe chini ya kikomo. Ukiitazama grafu kwa karibu, mlango uliofunguliwa huacha jino dogo: 33, 31.2, 30.6, kisha 32 tena. Jiko lililozimika huacha mteremko usiorudi. Dakika 10 zinatosha kuvitofautisha. Na tahadhari ikishawaka kwenye 31, isizimike hadi joto lirudi 32, la sivyo banda linaloyumba kati ya 30.9 na 31.1 litakutumia meseji usiku kucha.

Halafu vifaranga wanakua. Kikomo cha chini kisiposhushwa kila wiki, utakijua upesi kwa sababu kitapiga kelele mchana na usiku. Hatari zaidi ni kikomo cha juu. Ulikiweka 37 wiki ya kwanza, ukakiacha. Wiki ya tatu vifaranga wanaotakiwa kukaa kwenye 26 hadi 29 wako kwenye 34, wamebanana ukutani, midomo wazi, mabawa yamening'inia, na dashibodi inaonyesha kijani kitupu. Andika kwenye kalenda ya chanjo, siku ileile: shusha vikomo vyote viwili.

Ukiwa na vihisi viwili au zaidi, usiweke tahadhari kwenye wastani. Kona moja ikiwa 26 na nyingine 38, wastani ni 32 na kila kitu kinaonekana shwari. Kikomo cha chini kifuate kihisi chenye joto dogo kuliko vyote, cha juu kifuate chenye joto kubwa. Kihisi chenyewe kining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga, mbali na jiko na mbali na chombo cha maji.

Wanaotumia kile kihisi cha waya, DS18B20, wataona siku moja 85 au -127. Hilo si joto. 85 ni namba kinayoanza nayo umeme ukishtuka, na -127 huandikwa na programu ikikosa kukipata, mara nyingi waya umelegea au panya ameupitia. Namba hizo zisihesabiwe kama joto, bali zilete ujumbe wao: kihisi kibovu.

Kuna na ukimya. Umeme ukikatika, taa ya bruda inazima, na ruta inazima pamoja nayo. Kifaa hakiwezi kutuma habari za kifo chake, kwa hiyo tahadhari ya kukosa data lazima ikae upande wa seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea vipimo: dakika 15 bila kipimo, simu iite. Grafana, programu ya kuchora grafu na kutuma tahadhari, ina mpangilio huo, na mifumo mingi ya namna hiyo pia inao. Tahadhari ije kwa kupigiwa simu au kwa meseji ya kawaida. Ujumbe wa intaneti unasubiri bando, na bando huisha usiku.

Jambo moja ambalo namba haziwezi kukusaidia: usizibe banda kila upande ili tu simu itulie. Jiko la mkaa kwenye banda lililozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kihisi cha joto hakiioni.

Ukimaliza kupanga, jaribu. Tumbukiza kihisi cha waya kwenye kikombe cha maji baridi, na ufanye hivyo saa tisa usiku, si saa nne asubuhi wakati wote wako macho. Usimwambie mtu. Niliwahi kufanya jaribio hilo na mfugaji mmoja, tukangoja dakika 10, meseji ikatoka vizuri kabisa. Simu ya kijana ilikuwa kwa jirani, inachajiwa.