Namna ya Kuwa Shabiki Mwaminifu wa Mchezaji Aliyeumia

Wiki ya mechi ya watani wa jadi, Dar es Salaam hulala na kuamka ikizungumza Simba na Yanga, na taarifa moja tu inatosha kuchafua hali ya hewa: mshambuliaji tegemeo ameshika nyuma ya paja mazoezini na kutoka nje akichechemea. Kabla daktari wa timu hajasema neno, vijiwe vimekwisha kutoa hukumu. Wapo wanaodai kwamba lazima acheze hata kwa kuchomwa sindano, kwa kuwa mechi ya watani si ya kukosa. Na wapo wanaonong'ona kwamba amekula fedha za upande wa pili na kwamba jeraha ni kisingizio. Wote hao hujiita mashabiki wa kweli, na wote wanamsukuma mtu mmoja kuelekea kosa lile lile la kuingia uwanjani akiwa hajapona. Mwongozo huu ni wa shabiki anayetaka kuipenda timu yake kwa moyo wote bila kushiriki katika kumlemaza anayeivalia jezi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekaa viti vya mzunguko, timu yangu ikiwa nyuma kwa bao moja, pale beki wetu wa kulia aliposimama ghafla katikati ya mbio na kushika nyuma ya paja. Alijaribu kutembea kwa kukanyagia vidole, akainua mkono kuelekea benchi, na jukwaa letu likaanza kuzomea. Nami nilizomea. Aligeuka akatutazama, akaushusha mkono, akarudi kwenye nafasi yake. Hazikupita dakika kumi akaanguka bila kuguswa na mtu yeyote, akazipiga nyasi kwa kiganja, na akatolewa kwa machela. Msimu ule hakucheza tena. Mkono ule ulioshushwa ndio unaonifanya niandike.

Jifunze jeraha kabla ya kulijadili

Shabiki anayejua mfumo wa kocha, ada ya usajili na idadi ya mabao ya kila mshambuliaji hashindwi kujifunza mambo machache kuhusu mwili. Anza na msuli wa nyuma ya paja, kwa sababu ndio unaowatoa wachezaji wengi uwanjani. Msuli huu hufanya kazi kubwa zaidi pale mguu unaponyooshwa mbele katika mbio za kasi, na ndiyo maana mchezaji huumia peke yake, mbali na mpinzani, jambo ambalo wasiojua hulichukulia kuwa ni ushahidi wa maigizo. Mchaniko mdogo huhitaji wiki moja hadi tatu, mkubwa zaidi huchukua miezi, na anayerudi mapema huwa katika hatari ya kuuchana msuli ule ule tena, mara nyingi vibaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo unapomwona mchezaji anatembea vizuri mtaani siku ya tano, usiseme kwamba amepona, kwa kuwa kutembea hakuujaribu msuli huo hata kidogo. Kinachoujaribu ni mbio za mita 30 kwa nguvu zote, kusimama ghafla na kugeuka.

Kifundo cha mguu kilichoteguka kidogo hupona ndani ya siku chache au wiki mbili. Goti ni habari nyingine. Ligamenti ya mbele ya goti, yaani kamba inayoshikilia mifupa ya goti pamoja, ikikatika, mchezaji kwa kawaida hufanyiwa upasuaji, na wataalamu wengi hushauri asirudi kwenye ushindani kabla ya miezi tisa, hata kama yeye mwenyewe anajihisi yuko tayari mwezi wa sita.

Kuhusu sindano, elewa inafanya nini. Dawa ya ganzi inaondoa maumivu, haiondoi mchaniko. Maumivu ndiyo mlinzi wa mwili. Ukimlaza mlinzi, mwizi hajaondoka. Utafiti wa madaktari wa FIFA kuhusu Kombe la Dunia la mwaka 2010 kule Afrika Kusini ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wachezaji walitumia dawa za maumivu kabla ya kila mechi. Fikiria hilo kila unapotamka sentensi nyepesi kama ile ya "wamchome tu acheze", maana inawezekana kabisa kwamba amekwisha kuchomwa, na ile unayoiita kiwango cha chini ni mguu usiojisikia vizuri.

Mfano ambao kila shabiki anapaswa kuujua kwa undani ni wa Ronaldo wa Brazil. Novemba 1999, akiichezea Inter Milan dhidi ya Lecce, aliumia kano ya goti la kulia, akafanyiwa upasuaji. Alirudi tarehe 12 Aprili 2000 katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, akiingia kutoka benchi, na dakika chache tu baadaye, akiwa anauchezea mpira kuelekea lango, goti lilimwachia akaanguka akilia kwa uchungu. Hakukuwa na mtu aliyemgusa. Safari hii alikosa msimu mzima wa 2000/01. Wengi walimzika kisoka. Walioendelea kumsubiri walilipwa tarehe 30 Juni 2002 kule Yokohama, alipofunga mabao yote mawili ya fainali dhidi ya Ujerumani na kumaliza Kombe la Dunia akiwa na mabao manane. Hesabu miezi iliyopita tangu kuumia kwa kwanza hadi fainali ile, kisha ujiulize kama wiki sita za winga wako ni nyingi kiasi hicho.

Kichwani hakuna mjadala

Mchezaji anaweza kuamua, yeye na daktari wake, kustahimili maumivu ya kidole. Pigo la kichwa halimo katika hesabu hiyo, kwa sababu kiungo kinachopaswa kuamua ndicho kilichoumia. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014 mjini Rio de Janeiro, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani mapema, akaachwa aendelee kucheza, na baadaye akamwuliza mwamuzi kama mechi ile ilikuwa fainali. Alitolewa dakika ya 31. Mwaka 2019 Jan Vertonghen wa Tottenham aligongana na mwenzake katika nusu fainali dhidi ya Ajax, akarudishwa uwanjani, muda mfupi baadaye akatoka akiwa ameshikiliwa kwa kushindwa kusimama. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba aliishi na kizunguzungu na maumivu ya kichwa kwa miezi tisa.

Shabiki aliye jukwaani au katika kibanda umiza anaweza kuziona dalili: mchezaji analala bila kuzuia anguko kwa mikono, anainuka akiyumba, anatazama pasipo kuona, anakwenda upande usio wake. Ukiziona, pigia kelele atolewe. Kelele za jukwaa zina nguvu, na hii ni sehemu mojawapo ambapo zinapaswa kutumika bila kusitasita. Tangu mwaka 2021 mashindano mbalimbali yamekuwa yakijaribu mabadiliko ya ziada kwa mchezaji aliyetikisika ubongo, na tangu mwaka 2024 kanuni za mchezo zinayaruhusu moja kwa moja pale shindano linapoamua kuyatumia, kwa hiyo hoja kwamba "tutapoteza nafasi ya kubadilisha" inazidi kukosa miguu.

Mchezaji akianguka ghafla bila kugongwa na asisogee, huko ndiko kwenye hofu ya moyo. Afrika haijamsahau Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka na kufariki tarehe 26 Juni 2003 kule Lyon. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake haukufanya kazi kwa dakika 78, naye akapona. Mmoja wa waliomhudumia ni daktari wa moyo aliyekuwa amekuja uwanjani kama shabiki wa Tottenham, timu pinzani, akashuka kutoka jukwaani. Majukwaa yote mawili yaliimba jina la Muamba. Katika hali kama hiyo, kazi yako ni kutulia, kuacha njia ya wahudumu wazi, na kuizima simu yako badala ya kurekodi.

Tuhuma ya kuhongwa

Hapa ndipo ninapotaka tukae kitako, kwa sababu ni ugonjwa wetu wenyewe. Kwetu mchezaji anayeumia siku mbili kabla ya mechi kubwa haulizwi anaumwa wapi; anaulizwa amepewa shilingi ngapi. Uvumi huanza na sauti ya mtu asiyejulikana katika kundi la WhatsApp, jioni uko redioni kwa maneno ya "inasemekana", na kesho yake mama wa mchezaji anaulizwa sokoni. Matokeo yake ni haya: mchezaji mwenye akili timamu anajua kwamba akisema ukweli kuhusu mguu wake ataitwa msaliti, hivyo anaficha. Anamficha daktari, anamficha kocha, anaufunga mguu kwa bandeji chini ya soksi na kuingia. Anapocheza vibaya, tunasema ameuza mechi. Hana mlango wa kutokea.

Ongeza juu yake hali ya kazi yenyewe. Wachezaji wengi wa ligi zetu wana mikataba ya msimu mmoja au miwili, posho ya ushindi huwahusu zaidi waliocheza, na dirisha la usajili likifunguliwa wa kwanza kutajwa katika orodha ya watakaoachwa ni majeruhi wa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo tayari ana sababu za kutosha za kujilazimisha kucheza. Hahitaji sababu nyingine kutoka kwetu.

Kwa hiyo, uvumi ukikufikia, usiusambaze. Mwulize aliyekuletea: nani amemwona akipokea, lini, wapi? Asipokuwa na jibu, mweleze hadharani, katika kundi lile lile, kwamba anamtuhumu mtu kosa la jinai bila ushahidi. Ukiwa kiongozi wa tawi, liweke jambo hili katika kikao cha wanachama kabla ya msimu kuanza, wakati vichwa vimetulia, kwa kuwa wiki ya mechi hakuna anayesikia. Na usimwandikie mchezaji ujumbe wa kumwuliza "unarudi lini" mara tatu kwa siku. Ukitaka kumwandikia, mtakie nafuu na umwache apumzike.

Zichukue taarifa za klabu kwa tahadhari pia. "Hatihati kucheza" maana yake ni kwamba hata daktari anasubiri mazoezi ya mwisho. "Wiki tatu" ni makadirio, si ahadi. Klabu ikikataa kutaja mguu upi umeumia, isilaumiwe, kwani beki wa mpinzani naye anasoma habari.

Badilisha unachokisifu

Tumekuzwa na hadithi za mashujaa waliocheza wamevunjika. Maarufu kuliko zote ni ya Bert Trautmann, kipa wa Manchester City, ambaye katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1956 aligongwa shingoni zikiwa zimebaki dakika 17, akamaliza mechi, timu ikashinda 3-1, na picha ya eksirei siku chache baadaye ikaonyesha kwamba shingo ilikuwa imevunjika. Isimulie hadithi hiyo, lakini isimulie yote: wakati ule wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa, na Trautmann alinusurika kifo kwa kiasi kidogo sana. Leo kocha ana nafasi tano za kubadilisha. Ushujaa wa kulazimishwa na kanuni ya mwaka 1956 hauwezi kudaiwa kwa mchezaji wa leo.

Pia kumwanzisha majeruhi kunaigharimu timu. Mwaka 2014 Diego Costa wa Atlético Madrid aliumia paja wiki moja kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa, akapelekwa Belgrade kutafuta tiba ya haraka, akaanza dhidi ya Real Madrid na kutoka dakika ya tisa. Atlético walikuwa wamepoteza badiliko moja kati ya matatu. Waliongoza hadi dakika ya 93, Sergio Ramos akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Juanfran alikuwa akichechemea bila kuwepo nafasi ya kumtoa. Walifungwa 4-1. Mchezaji aliyesema "siwezi" Ijumaa angekuwa ameisaidia timu kuliko aliyejaribu Jumamosi, na jukwaa linapaswa kumsifu hivyo, kwa sauti ile ile linayomsifu mfungaji.

Siku ya kurudi

Usiimbe jina lake akiwa benchi ili kumlazimisha kocha amwingize. Huenda madaktari wamempa dakika 20 tu. Akiingia, usimpime kwa mabao. Kule Urusi mwaka 2018, Mohamed Salah alirudi siku 24 tu baada ya kuumizwa bega mjini Kyiv, akafunga kwa penalti dhidi ya wenyeji, na Misri ikafungwa 3-1; hakuwa Salah wa msimu ule, wala hakuweza kuwa. Tazama mambo madogo: anageuka kwa mguu ulioumia au anaukwepa, anarukia mpira wa kichwa au anasubiri uanguke, anapiga kwa nguvu zote au anasukuma tu. Mpe mechi nne au tano kabla ya kutoa kauli yoyote kuhusu kiwango chake. Akipoteza mpira wa kwanza, mpigie makofi. Na akisimama ghafla, akashika paja na kuinua mkono kuelekea benchi, inuka kwenye kiti chako umshangilie tangu anapoanza kutembea mpaka atakapokaa.