Jinsi ya kuomba rekodi za historia na akiolojia za Denbighshire, Wales (hata kama uko Kigoma)

Vitabu vyetu vya shule vinamleta Stanley akiwa tayari mtu mzima, anafika Ujiji 1871, anamkuta Livingstone, basi. Alikotoka hatuambiwi. Sasa alikotoka ni Denbigh, mji mdogo wa kaunti ya Denbighshire kaskazini ya Wales, kazaliwa hapo 1841 kwa jina la John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, na kuanzia 1847 mpaka 1856 kalelewa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, kilomita chache tu kutoka hapo. Yeye mwenyewe baadaye alisimulia kwamba alimtwanga mwalimu akaruka ukuta akatoroka, stori tamu kweli, ila kumbukumbu za kile kituo zinaonyesha aliondoka kawaida tu kwenda kwa ndugu zake upande wa Holywell. Ndo maana nasema rekodi za kaunti zina raha yake.

Lakini mwongozo huu sio wa Stanley peke yake. Ni kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, ni kwa mbongo au mkenya anayeishi Rhyl kwenye nyumba ya zamani na anataka kujua ilikuwa nini kabla, ni kwa yeyote anayependa mambo ya kale. Habari njema ni kwamba karibu kila kitu unaweza kuomba ukiwa kwako, kwa imeili, na nyingi ni bure. Kinachokwamisha watu mara nyingi sio kibali wala hela, ni ombi lenyewe limeandikwa hovyo: "naomba taarifa zote za Denbighshire". Hilo halijibiki. Ombi linalojibika lina mahali, lina namba, lina miaka. Hatua karibu zote hapa chini ni za kutafuta hivyo vitu vitatu.

HATUA YA 1: Jua ni Denbighshire ipi

Hapa ndo wengi wanapotea. Denbighshire ya zamani sio hii ya leo. Mwaka 1974 kaunti za zamani zilivunjwa, eneo kubwa likaingizwa kwenye kaunti mpya ya Clwyd, halafu 1996 Clwyd nayo ikafutwa likachorwa tena. Matokeo yake Wrexham ambayo ilikuwa Denbighshire sasa inajitegemea, Llanrwst na Colwyn Bay ziko Conwy, na St Asaph, Rhuddlan, Rhyl na Prestatyn ambazo zilikuwa kaunti jirani ya Flintshire sasa ziko Denbighshire. Kwa iyo ile nyumba ya maskini ya Stanley leo iko Denbighshire lakini wakati wake ilikuwa Flintshire, usishangae ukiulizia Denbighshire ukaelekezwa kwenye makabrasha ya Flintshire. Andika kwenye ombi lako vyote viwili, kaunti ya wakati ule na ya leo.

Pia andika jina la parokia, manake rekodi nyingi za kabla ya karne ya 20 zimepangwa kwa parokia. Na majina ya miji yako mawili mawili, la Kiingereza na la Kiwelshi: Denbigh ni Dinbych, St Asaph ni Llanelwy, Ruthin ni Rhuthun. Ukitafuta jina moja likagoma jaribu la pili kabla hujakata tamaa.

Mwisho tafuta namba ya gridi. Waingereza wana mfumo wao wa ramani wenye herufi mbili na tarakimu, kwa mfano mji wa Denbigh uko kwenye SJ 05 66. Ukiwa nayo hiyo hata mtu asiyejua jina la mahali atakuelewa.

HATUA YA 2: Pekua mtandaoni kwanza, andika namba

Kuna sehemu tatu za kuanzia na zote ni bure.

Archwilio ndiyo sura ya mtandaoni ya Rekodi ya Mazingira ya Kihistoria, wenyewe wanafupisha HER. Humu kuna kila kitu kuanzia ngome za vilimani za Clwyd (Penycloddiau, Moel Arthur, Foel Fenlli na wenzao) mpaka tanuri la chokaa lililoanguka shambani kwa mtu. Kila sehemu ina namba yake inaitwa PRN.

Coflein ni ya Tume ya Kifalme ya Wales, ile iliyoanzishwa 1908 kwa kazi ya kuorodhesha makaburi, majengo na mabaki ya kale, ofisi zao ziko Aberystwyth. Humu ndo kuna picha nyingi, za angani hasa, na michoro. Namba yao ni NPRN.

Cof Cymru ni ya Cadw, idara ya serikali ya Wales inayoshughulika na urithi. Humu unaangalia kama sehemu inalindwa kisheria, na ipo kwenye orodha gani.

Sasa angalia, sehemu moja inaweza kuwa na namba tatu tofauti. Chukua pango la Pontnewydd kwenye bonde la mto Elwy, lile lililochimbwa na Makumbusho ya Taifa ya Wales kuanzia 1978 wakapata meno ya Waneanderthali wa kale, wa miaka kama 230,000 iliyopita, ambao ndio binadamu wa kale kabisa waliopatikana Wales mpaka sasa. Ukilitafuta kwenye Archwilio linakupa namba moja, Coflein nyingine. Zinakili zote na uandike ipi ya nani, ukimpelekea mtu wa HER namba ya Coflein bila kusema ni ya wapi unamchosha tu.

Usikimbilie kunukuu ya Archwilio kama ndo mwisho wa maneno. Ile ni muhtasari. Rekodi kamili, yani ripoti za uchimbaji, barua, ramani za kazi, picha, zipo ofisini na ndo hizo unaziomba hatua inayofuata.

HATUA YA 3: Tuma ombi la HER

Hizi rekodi sio hisani ya mtu. Sheria ya 2016 ya mazingira ya kihistoria ya Wales iliwabana mawaziri wa Wales kuwa na rekodi kama hii kwa kila eneo la halmashauri na umma uweze kuiona, na wajibu huo umeendelea kwenye sheria ya 2023. Anayeitunza kwa sasa ni Heneb, shirika lililozaliwa Aprili 2024 pale mashirika manne ya akiolojia ya mikoa yalipoungana. Denbighshire iko chini ya tawi la Clwyd-Powys, kwa iyo ukikuta ripoti ya zamani imeandikwa CPAT (kifupi cha jina la zamani la tawi hilo), ni haohao.

Nenda websaiti ya Heneb, sehemu ya HER, tafuta fomu ya maombi ya eneo lako. Utakachojaza:

Jina na mawasiliano yako, na kama unaomba kwa niaba ya chuo au kampuni.

Sababu ya ombi. Hapa sema ukweli, manake utafiti binafsi na wa wanafunzi kwa kawaida haulipiwi ila kazi ya biashara (mtu anajenga, konsaltanti anaandika ripoti) inalipiwa. Mwanafunzi taja chuo na mada.

Mahali: namba ya gridi na ukubwa wa eneo. "Nusu kilomita kuzunguka SJ 05 66" inatosha kabisa. Mtu anayeomba kaunti nzima ataletewa mzigo ambao hata kuufungua hawezi.

Namba za PRN ulizokwisha zipata, na unachokitaka juu yake: ripoti? picha? ramani?

Fomati. Kama hujui programu za ramani omba PDF au jedwali la kawaida, usijifanye mtaalamu ukaletewa mafaili ya GIS ukakaa unayatolea macho.

Ukishatuma utapewa namba ya ombi, itunze, ndo ya kufuatilia na ndo utakayoinukuu ukichapisha. Soma pia masharti ya matumizi, kwa ujumla wanataka utaje chanzo na usigawe data kwa mtu wa tatu. Andika Kiingereza au Kiwelshi, zote mbili ni lugha rasmi kule. Kiingereza cha kawaida kinatosha, sio lazima kiwe cha kwenye mahakama.

HATUA YA 4: Nyaraka za kaunti

HER inakupa mawe na udongo. Ukitaka watu, yani majina, mishahara, kesi, nani alilala nyumba ya maskini, nani alipelekwa hospitali, hizo ziko hifadhi ya nyaraka. Tangu 2020 hifadhi za Denbighshire na Flintshire zimeungana zikaitwa North East Wales Archives, kifupi NEWA, vituo vyake vya jadi vikiwa Ruthin na Hawarden. Cha Ruthin kiko ndani ya jela ya zamani iliyofungwa 1916, unasoma mafaili mahali wenzio walikula kifungo. Kuna mradi wa jengo jipya huko Mold kwa iyo kabla hujatia mguu angalia tangazo lao wanapokea wageni wapi na siku zipi. Na kwa wanaokwenda wenyewe, treni haifiki Denbigh wala Ruthin, unashuka Rhyl unapanda basi.

Utaratibu uko hivi. Ingia katalogi yao mtandaoni, tafuta, nakili riferensi ya kabrasha kama ilivyo, na mkwaju wake na nukta yake. Weka nafasi ya meza na uagize makabrasha mapema. Kwenye hifadhi nyingi za Uingereza na Wales utahitaji Kadi ya Hifadhi, unaanza kujisajili mtandaoni halafu unakamilisha ukifika na kitambulisho chenye jina na kitu kinachoonyesha anwani yako. Ulizia kituo chako wanakubali vitambulisho gani, mgeni mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya asisubiri kuuliza akiwa mlangoni. Ndani ni penseli tu, kalamu ya wino hapana, begi linabaki nje, na kupiga picha kuna kibali chake, uliza bei kwanza.

Uko mbali? Omba huduma ya utafiti: unalipia muda, mfanyakazi anakutafutia na kukuskania. Hapa ndo usahihi wako unaokoa hela, ukisema "rejista za nyumba ya maskini ya St Asaph, 1847 hadi 1856, jina John Rowlands" kazi inakuwa fupi. Ukisema "Stanley mpelelezi" unalipia mtu akusomee wasifu.

Tahadhari moja. Mafaili ya wagonjwa yanafungwa, mara nyingi miaka 100. Hospitali ya akili ya Denbigh ilifunguliwa 1848 ikafungwa 1995 na ina rekodi nyingi sana, za zamani utaziona, za karibuni mpaka uwe na sababu ya maana na ruhusa. Hapo usibishane na mtu wa kaunta, sheria ya data sio yeye aliyeitunga.

HATUA YA 5: Maktaba ya Taifa

Hii ni ya Wales, iko Aberystwyth, mbali na Denbighshire, lakini vitu vyake vikubwa viko wazi mtandaoni. Cha kwanza ni ramani za zaka. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, kwa iyo ikabidi wapime karibu Wales yote na kuandika kila kipande cha ardhi, mwenyewe nani, mpangaji nani, kinalimwa nini. Ziko kwenye websaiti ya Lleoedd Cymru, unaandika jina la shamba linakuja na ramani. Kwa mwenye nyumba ya zamani mimi ningeanzia hapa kabla ya kwingine kote. Cha pili ni wosia wa kabla ya 1858, wa dayosisi ya St Asaph wakiwemo, umeskaniwa. Cha tatu magazeti ya zamani ya Wales, bure, unatafuta kwa neno. Kadi ya msomaji unahitaji tu ukitaka kushika nyaraka halisi pale chumbani, unaomba mtandaoni kisha unathibitisha kwa kitambulisho na anwani.

HATUA YA 6: Ukitaka kugusa ardhi

Kusoma ni kitu kimoja, kuchimba ni kingine kabisa. Sehemu iliyo kwenye orodha ya kulindwa huruhusiwi kufanya kazi yoyote bila idhini ya maandishi kutoka Cadw, hata kama shamba ni lako, na kupita na mashine ya kutafuta vyuma bila ruhusa yao ni kosa la jinai. Sehemu nyingine lazima mwenye shamba akubali. Ukiokota kitu kinachoweza kuwa hazina, dhahabu au fedha ya kale kwa mfano, Sheria ya Hazina ya 1996 inakupa siku 14 kuripoti kwa mchunguzi wa vifo wa eneo, ndiyo, kule ofisa huyohuyo wa vifo ndo anaamua na mambo ya hazina. Njia rahisi ni kupitia maofisa wa vitu vilivyookotwa walio chini ya Makumbusho ya Taifa, watakuelekeza.

Na kwa waliokuja hapa kwa ajili ya Stanley tu: Denbigh utapata utoto wake, na sanamu yake iliyowekwa 2011 ambayo wakazi walipigia kura 2021 wengi wakataka ibaki. Madaftari ya safari na barua zake nyingi haziko Wales, ziko Tervuren, Ubelgiji, kwenye Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, na maombi yake unatuma kwao moja kwa moja.